Mtu wa nondo akiingia bungeni

Jumamosi moja nilikuwa saiti ya mjomba wangu kule Goba, anajenga ghorofa, na siku hiyo mafundi nondo walikuwa wanamalizia kufunga slabu maana zege lilishapangwa kumwagwa kesho yake. Nikakaa pembeni nawaangalia. Kazi ya nondo ukiitazama kutoka barabarani unaona kama mtu anasuka mkeka tu, ila sogea karibu uone: fundi kainama tangu asubuhi, vipande vya waya kavichomeka kiunoni, anachomoa kimoja, anakipitisha chini pale nondo mbili zinapokutana, anakaza kwa koleo, anahamia makutano yanayofuata. Hivyo hivyo mpaka slabu nzima iishe.

Wakati wa chai redio ikawa inaongelea wabunge. Dogo mmoja saidia fundi akamwambia mkubwa wao, "Mzee, si ugombee na wewe? Mtaa mzima unakujua." Mzee akacheka, "Mtu wa nondo nani atampa kura bwana." Wakacheka wote. Halafu mmoja aliyekuwa kimya muda wote, kikombe mkononi, akasema bila kucheka:

"Na akipewa, kesho yake si mtu wa nondo tena."

Hilo neno limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Nalala nalo naamka nalo. Kwa sababu sote tunaongea kwamba tunataka bungeni waende watu wa kawaida, waliowahi kushika sepeto, waliowahi kulala bila kujua kesho kazi ipo au haipo, lakini hatujiulizi akishafika kule inakuwaje, anabaki wetu kwa miaka mingapi, na tutajuaje siku ameacha kuwa wetu.

Nikaanza kumfikiria Steve Sweeney.

## Spana yenye ncha

Wengi mlisikia jina lake Novemba 2021, pale habari zilipozunguka dunia nzima kwamba huko New Jersey, Marekani, dereva wa lori kamwangusha rais wa Seneti ya jimbo, yaani kama spika wa baraza la juu la bunge lao. Stori ikasimuliwa kama ya mnyonge kumshinda mkubwa. Kilichoachwa na wengi ni kwamba huyo mkubwa aliyeangushwa na yeye katokea kwenye chuma.

Sweeney kazaliwa 1959, kakulia Pennsauken, kusini mwa New Jersey, ukivuka tu mto Delaware kutoka Philadelphia. Baba yake alikuwa fundi chuma na yeye alipomaliza sekondari akaingia huko huko kwenye chuma, chama cha mafundi chuma tawi namba 399. Chama chao kinabeba kazi zote mbili, wale wanaofunga nondo chini na wale wanaopanda juu kuunganisha boriti za majengo na madaraja. Wana spana moja ya ajabu, upande mmoja spana ya kawaida, upande wa pili imechongoka kama mkuki, kazi yake ni hii: boriti inakuja inaning'inia kwenye kreni, wewe uko juu, matundu ya boriti mbili hayajakaa sawa, unachomeka ile ncha kwenye tundu unasukuma mpaka yaoane, halafu ndo unapitisha bolti na kukaza. Ukikosea, boriti haikusamehei na chini ni mbali.

Nimeieleza hiyo kazi kwa sababu mi naamini mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo anakuja na kitu ambacho wakili hana. Swali ni kitu gani hasa, na je, kinadumu?

## Mlango wa kuingilia

Sasa kuna jambo huku kwetu huwa hatulisemi. Katiba yetu haidai digrii kwa mbunge, inadai ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na udhaminiwe na chama. Mlango kikaratasi uko wazi. Kinachomzuia yule mzee wa Goba si sheria, ni nani atamlipia mabango, nani atailisha familia yake akiacha saiti miezi mitatu, nani atamfundisha kusimama jukwaani.

New Jersey hilo wamelitafutia dawa. Tangu 1997 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la jimbo, AFL-CIO, lina mafunzo maalumu kwa wanachama wanaotaka kugombea, yaani fundi bomba, nesi, fundi umeme, anafundishwa kampeni inaendeshwaje, na wahitimu wao wameshashinda chaguzi zaidi ya 1,000 kwa kujumlisha halmashauri, bodi za shule, mpaka bunge la jimbo. Halafu bunge lenyewe ni la muda, si ajira ya kutwa. Miaka yote ya Sweeney mshahara wa mbunge wa jimbo ulikuwa dola 49,000 kwa mwaka, kwa hiyo wengi wanabaki na kazi zao. Yeye alibaki mtu wa chama cha mafundi chuma muda wote, akapanda mpaka kuwa mmoja wa makamu wa rais wa chama chao kimataifa.

Hapo tayari kuna utata. Unapitisha sheria za ujenzi asubuhi, mchana unalipwa na chama cha wajenzi. Wapo waliosema huo ni mgongano wa maslahi wa wazi kabisa. Mi naona wakili anayepitisha sheria za mahakama naye yuko hapo hapo ila hatumnyooshei kidole. Lakini sisemi hoja yao ni ya kupuuzwa.

Mwaka 2001 Sweeney, ambaye alishakuwa kiongozi wa kaunti ya Gloucester, akamvaa Raymond Zane, seneta aliyekaa kiti hicho tangu 1974 na aliyekuwa amehama Democratic kwenda Republican. Akamtoa. Na hapa tuseme ukweli wote, hakushinda kwa mikono yenye sugu peke yake. Nyuma yake kulikuwa na fedha na mtandao wa George Norcross, mfanyabiashara wa bima asiye na cheo cha kuchaguliwa lakini kusini mwa New Jersey, ukitaka kugombea kupitia Democratic, utakutana na kivuli chake kabla hujakutana na mpiga kura.

Kwa hiyo fundi aliingia bungeni akiwa na madeni mawili. Moja kwa wenzake wa kwenye chuma, jingine kwa waliomfungulia mlango.

## Wiki sita

Sweeney ana binti aliyezaliwa na Down syndrome, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, na mwenyewe kasimulia mara nyingi sana kwamba huyo mtoto ndiye aliyemwingiza kwenye siasa.

Kwa msomaji wa Tanzania hapa panahitaji maelezo kidogo maana utashangaa. Sisi sheria ya kazi inampa mama siku 84 za uzazi kwa malipo na baba siku tatu. Marekani nzima haina hicho kitu kwenye sheria ya taifa. Sheria yao ya 1993 inakupa wiki 12 za kukaa nyumbani bila kufukuzwa, ila bila senti. Sasa fundi wa kulipwa kwa saa atakaaje nyumbani wiki 12 bila senti? Haki ipo ila huwezi kuitumia.

Sweeney akasimamia muswada wa likizo ya familia yenye malipo. Wenye biashara wakapiga kelele kwamba wataua ajira. Muswada ukakatwa, ukakatwa tena, mwisho zikabaki wiki sita, theluthi mbili ya mshahara na kiwango cha juu kimewekwa, na fedha yenyewe inatoka kwenye makato madogo ya wafanyakazi wenyewe. Gavana Jon Corzine akasaini Mei 2008. New Jersey ikawa jimbo la tatu kupitisha sheria hiyo baada ya California na Washington, na malipo yakaanza Julai 2009. Mwaka 2019, Sweeney akiwa rais wa Seneti, wiki sita zikawa 12.

Mi hapa ndo nakiona kile kitu fundi anachokuja nacho. Si huruma, huruma kila mwanasiasa anayo wakati wa kampeni. Ni kujua sheria inakwamia wapi ikimfikia mtu wa saiti. Wakili angeandika haki akaondoka. Mtu aliyelipwa kwa saa anauliza swali moja tu: na siku nisipoenda kazini nani ananilipa?

## Kura ambayo hakuipiga

Januari 2010 Seneti ikapigia kura muswada wa ndoa za jinsia moja. Najua mada yenyewe huku kwetu ni moto na wasomaji wangu wengi wana msimamo wao, mi hapa naongelea kitu kingine. Sweeney alikuwa kiongozi wa maseneta wa Democratic, chama chenye wengi, siku chache tu kabla ya kuapishwa kuwa rais wa Seneti, na kura ilipofika kwake hakusema ndiyo wala hapana. Akakaa. Muswada ukaanguka 20 kwa 14.

Baadaye akatoka hadharani akasema lile lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyofanya bungeni, kwamba alipiga hesabu za kisiasa badala ya kufuata alichoamini. Mwaka 2012 akausimamia mwenyewe ukapita, gavana Chris Christie akaupinga kwa kura ya turufu.

Hili limenisumbua kuliko nilivyotegemea. Kwa sababu juu ya boriti huwezi kukaa kimya. Ama unashika ama unaachia, na mwenzako anajua umefanya nini. Kumbe bungeni kuna kitufe cha tatu, cha kutokuwepo ukiwa umekaa pale pale kwenye kiti. Nahisi hicho ndicho kitu cha kwanza bunge linachomfundisha mtu wa kawaida, na hakuna aliyewahi kukifundishwa saiti.

## Juni 2011

Hapa ndo penyewe.

New Jersey ilikuwa na shimo kwenye mfuko wa pensheni za watumishi wa umma, kwa sababu magavana wa vyama vyote viwili kwa miaka mingi walikuwa hawachangii sehemu ya serikali. Christie wa Republican akataka watumishi wabebe mzigo. Na Democratic ndo walikuwa na wengi kwenye Seneti, kwa hiyo bila mtu wa kumsaidia hakitoki kitu. Mtu aliyemsaidia alikuwa Sweeney, kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Sheria ikapita Seneti 24 kwa 15, ikasainiwa tarehe 28 Juni 2011. Walimu, polisi, makarani, wote michango yao ya pensheni ikapanda, bima ya afya wakaanza kulipia sehemu kubwa zaidi, na wastaafu nyongeza yao ya kila mwaka ya kufidia kupanda kwa maisha ikasimamishwa. Waliofuatilia sakata la kikokotoo hapa kwetu sina haja ya kuwaeleza hali ilivyokuwa. Mtu kafanya kazi miaka 30 akihesabu hela fulani, halafu wenye suti wanakaa wanabadilisha hesabu. Maelfu waliandamana Trenton, makao makuu ya jimbo, na kelele kubwa walimpigia mwenzao.

Alisaliti?

Kwa muda mrefu nilikuwa najibu ndiyo bila kufikiri. Siku hizi naona hivi, na hili nalisema kwa tahadhari. Fundi chuma pensheni yake inatokana na saa alizofanya kazi, mwajiri anachangia kwa kila saa, kazi ikikosekana hakuna kinachoingia. Na 2011 ujenzi Marekani ulikuwa umelala chali baada ya ule mtikisiko wa 2008, mafundi walikuwa nyumbani. Mtu kama huyo akimwangalia mwalimu ambaye mshahara unakuja mvua jua, anaona mwenzake au anaona bili ya kodi yake? Mi nadhani Sweeney hakusahau chuma siku ile. Alikumbuka chuma tu, akawasahau wengine wote wanaoitwa wafanyakazi. Yeye mwenyewe alisema anauokoa mfuko usife kabisa, na namba za mfuko kweli zilikuwa zinatisha.

Ila sikiliza kilichofuata. Sheria ile ile ilisema serikali nayo italipa sehemu yake kwa kupanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 2014 Christie akakata malipo. Vyama vya wafanyakazi vikaenda mahakamani, na Juni 2015 mahakama kuu ya jimbo ikasema serikali hailazimiki. Yaani mwalimu kakatwa kila mwezi bila kukosa, na aliyetakiwa kukutana naye katikati hakutokea. Sweeney alikasirika sana, akapigania hela zilipwe. Lakini ndo hivyo. Mkataba ulioandikwa upande mmoja umekazwa bolti na upande wa pili umeachwa wazi, fundi ndiye alitakiwa auone kabla ya mtu yeyote.

Hapo ndo namlaumu. Si kwa kukata, kwa kutokaza.

## Hela za walimu

Walimu hawakusahau. Mwaka 2016 kukawa na ahadi ya kupeleka kwa wananchi mabadiliko ya katiba ya kulazimisha serikali ilipe pensheni, Sweeney akagoma kuyapitisha kwa wakati, akisema suala la mfuko wa barabara liishe kwanza. Chama cha walimu, NJEA, wakatishia kuwanyima Democratic michango ya kampeni, na yeye akawaomba waendesha mashtaka wawachunguze kwa kutishia. Mtu wa chama cha wafanyakazi anaita serikali iwachunguze watu wa chama kingine cha wafanyakazi. Nimerudia kuisoma hiyo na bado inaniuma.

2017 walimu wakafanya ambacho hakuna aliyetegemea, wakamuunga mkono mgombea wa Republican dhidi yake. Pande zote zikamwaga hela, zaidi ya dola milioni 20 kwenye kiti kimoja cha seneti ya jimbo, wilaya yenye mashamba na vimji vidogo. Sweeney akashinda tena kwa nafasi kubwa.

Mi nadhani ushindi ule ulimharibia kuliko kushindwa. Alitoka pale akiamini hakuna wa kumtoa.

## Dereva wa lori

Edward Durr alikuwa anaendesha lori la kampuni ya fanicha. Alishagombea ubunge wa jimbo huko nyuma akashindwa. 2021 magazeti yakaandika kwamba kwenye kura za maoni katumia dola 153, ikiwemo hela ya kuwanunulia chakula waliomsaidia, na ingawa jumla ya kampeni nzima ilikuja kuzidi hapo bado ilikuwa hela ya mtu wa kawaida. Akamshinda Sweeney kwa zaidi ya kura 2,000. Mtu aliyekuwa rais wa Seneti miaka 12, muda mrefu kuliko yeyote kwenye historia ya jimbo.

Sababu zipo nyingi, wilaya ilishaanza kuegemea Republican, watu walichoshwa na masharti ya korona, mwaka wenyewe ulikuwa mbaya kwa Democratic kila mahali. Lakini nikiangalia zile picha za Durr kapiga na lori lake najiuliza kama wapiga kura hawakuwa wanafanya kile kile walichofanya 2001. Wanamtafuta mtu wa kazi. Tofauti ni kwamba 2001 mtu wa kazi alikuwa Sweeney, na 2021 Sweeney alishakuwa Zane.

Na Durr je? Hakukaa. Ziliibuka post zake za zamani za kuwatukana Waislamu, akaomba radhi, akaenda kukutana na viongozi wao. Mwaka 2023 akashindwa na John Burzichelli, mwanasiasa mkongwe wa eneo hilo, baada ya miaka miwili tu. Hakuwa na shirikisho nyuma yake, hakuwa na sheria ya kuonyesha. Kutoka kazini kulimfikisha mlangoni, ndani kunahitaji kitu kingine tena.

Sweeney alijaribu ugavana 2025. Kura za maoni za Democratic zilikuwa na wagombea sita, akawa wa sita.

## Mimi ningempa?

Nimejipima kwa kujifanya mpiga kura wa ile wilaya, mwaka kwa mwaka, maana bila hivyo nitabaki naongea hewani.

2001 ningempa, bila kusita, hata nikijua habari za Norcross, kwa sababu kiti kilikuwa cha mtu mmoja tangu 1974 na mgombea wa pili kutoka kwenye chuma nisingempata. 2007 ningempa kwa ajili ya likizo ya familia. Novemba 2011 nisingempa. Ningebaki nyumbani, na najua hiyo ni kufanya alichofanya yeye Januari 2010, lakini ningekuwa na mama mwalimu mstaafu mezani kwangu nisingeweza kumwangalia usoni nikitoka kituoni. 2013 ningerudi, maana mwaka ule Christie alipokataa kupandisha kima cha chini cha mshahara Sweeney na wenzake walikwepa wakapeleka kwa wananchi kama badiliko la katiba, kikapita, kutoka dola 7.25 mpaka 8.25 kwa saa. Hiyo ni akili ya saiti, njia moja ikiziba unapitia nyingine. 2017 sijui, kweli sijui, nimejaribu kujibu mara kadhaa nashindwa.

Na 2021 ningempa, kwa shingo upande. Kwa wiki 12 za 2019 na kwa sheria ya mwaka huo huo ya kufikisha kima cha chini dola 15. Halafu Jumatatu yake ningeenda ofisini kwake kuuliza nyongeza ya wastaafu iliyosimamishwa 2011, mbona mpaka leo haijarudi.